GARI LA DIZELI HUISHI KWA KUMBUKUMBU

Watu wa makamo wa Mwamapalala, kama walivyo wenzao wa Bariadi, Maswa na Magu, hawahitaji kuelezwa Peugeot 504 ya dizeli ilikuwa gari la namna gani. Wengi waliiita Pijo. Iliwahi kusikika kabla ya kuonekana: kwanza mlio mkavu wa injini, kisha moshi, kisha gari lenyewe likiwa limebeba familia, magunia na jirani aliyeomba kusogezwa hadi njia panda. Leo magari ya aina hiyo ni machache sana, na kilichobaki kwa wingi ni masimulizi. Ndani ya masimulizi hayo imo kauli moja inayostahili kupimwa upya, nayo ni kwamba magari ya zamani yalidumu kwa kuwa yalitengenezwa kwa chuma kigumu, na ya siku hizi hayadumu kwa kuwa ni mabati matupu.

Kauli hiyo ina ukweli kiasi, lakini imeacha jambo lililo kubwa zaidi. Chuma hakijitunzi. Gari la zamani lililodumu lilidumu kwa sababu mwenyewe alilikumbuka kila siku. Na lililokufa mapema, hata kama lilikuwa la chapa ile ile na la mwaka ule ule, lilikufa kwa sababu lilisahauliwa. Kiswahili kina neno moja, kumbukumbu, kwa mambo mawili: yale yakaayo moyoni na yale yaandikwayo daftarini. Gari la dizeli huyahitaji yote mawili. Familia nyingi zina lile la kwanza na hazina la pili, hali ofisi nyingi za umma zina la pili na hazina la kwanza. Hapo ndipo hasara inapoanzia.

MASHINE NA UDONGO

Peugeot 504 ilizinduliwa nchini Ufaransa mwaka 1968, na ikatawazwa kuwa Gari la Mwaka barani Ulaya kwa mwaka 1969. Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuijua kampuni hiyo. Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa mwaka 1966 na wa 1967 ulikwenda kwa Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Dar es Salaam. Baadaye 504 nayo ikashinda mwaka 1975 na mwaka 1978. Magari hayo ya mashindano yalikuwa ya petroli, lakini sifa zake ziliwafikia walimu, matabibu, makarani na wafanyabiashara wa pamba, na baadhi yao walipopata uwezo wa kununua gari walichagua la dizeli.

Uchaguzi huo ulikuwa na sababu zake. Bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974. Ikapanda tena mwaka 1979, mwaka ule ule ambao Tanzania ilikuwa ikimaliza vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin. Fedha za kigeni ziliadimika, mafuta yakatolewa kwa vibali, na ikafika wakati magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Katika hali hiyo, gari lililokwenda mbali zaidi kwa lita moja lilikuwa na maana kubwa. Injini ya 504 ya dizeli ilikuwa na nguvu za farasi zisizozidi 70, na mwendo wake mlimani ulikuwa wa subira. Hata hivyo ilitumia mafuta kidogo, na aina yake ya kifamilia ilikuwa na safu tatu za viti.

Kulikuwa na sababu nyingine iliyotokana na ardhi yenyewe. Wasukuma wana majina ya udongo wao: luseni ni ule wa kichanga, itogolo ni ule mgumu wa chini ya mteremko, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni, unaopasuka wakati wa kiangazi na kunata kama gundi wakati wa masika. Safari moja katika eneo la Mwamapalala inaweza kupita juu ya aina zote hizo na kuvuka mito ya msimu. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya umeme, na nyaya zake zikilowa huzima. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haina cheche. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda hata ikawa na moto mkali, ndipo mafuta yanaponyunyizwa na kuwaka yenyewe. Maji yasipoingia kwenye njia ya hewa, gari huvuka.

Lakini injini hiyo hiyo isiyojali nyaya kulowa ni nyonge mbele ya uchafu mdogo. Pampu na nozeli zake zimechongwa kwa vipimo vidogo sana, na punje ya vumbi au tone la maji ndani ya mafuta huweza kuziharibu. Katika miaka ambayo dizeli ilinunuliwa kutoka kwenye mapipa na kupimwa kwa debe, mwenye gari makini aliyachuja mafuta kwa kitambaa safi, akayaacha yatulie, na akayamwaga maji yaliyokusanyika chini ya kichujio. Aliyeona kazi hiyo ni usumbufu alikuja kuilipia karakana.

Adui huyo hakuondoka pamoja na mapipa. Miaka ya baadaye aliitwa uchakachuaji, yaani kuchanganya dizeli na mafuta ya taa ambayo hayana ulainishaji unaohitajiwa na pampu. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili tofauti ya bei iliyowavutia wachakachuaji iondoke. Hatua hizo za serikali zilikuwa, kwa namna yake, kile kitambaa safi cha mwenye gari wa zamani kikiwa kimepanuliwa kufunika nchi nzima.

GARI LA MMOJA, KAZI YA WENGI

Mwenye gari kijijini hakumiliki gari peke yake. Kadi iliandikwa jina lake, lakini usiku wa manane mlango uliogongwa ulikuwa wake. Mama mjamzito aliyezidiwa alipelekwa hospitali kwa gari hilo. Maiti iliyotoka mbali ililetwa nyumbani kwa gari hilo. Mgonjwa, mgeni na mtoto anayekwenda shule ya bweni, wote walilitazamia. Ujamaa wa namna hiyo haukusubiri azimio wala kikao. Ulitokana na ukweli kwamba gari lilikuwa moja na shida zilikuwa nyingi.

Jambo hili husimuliwa kwa fahari, na ni haki. Hata hivyo fahari hiyo huficha hesabu. Mafuta ya safari ya usiku yalilipwa na nani? Springi iliyokatika kwenye korongo ilinunuliwa na nani? Mara nyingi jibu lilikuwa mwenye gari, na alipochoka au alipoishiwa, gari lilipandishwa juu ya mawe na kijiji kizima kikabaki bila chombo. Kati ya Februari 1977 na Novemba 1983 mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa, na vipuri kutoka upande huo vilikuwa adimu. Wema wa mtu mmoja ulibebeshwa kazi ambayo kwa haki ilikuwa ya wote, na wema usiowekewa hesabu haudumu.

Ndiyo maana mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022, unastahili kutazamwa kwa makini na watumishi walioko vijijini. Katika mpango huo, mama mjamzito au aliyejifungua akipata dharura, simu hupigwa bila malipo kwa namba 115, na gari la wagonjwa lisipopatikana huitwa dereva wa jamii ambaye hulipwa kwa safari hiyo. Mlango unaogongwa usiku ni ule ule. Tofauti ni kwamba safari sasa inaandikwa na dereva anarudishiwa gharama yake. Huruma ya zamani imepewa daftari, na kwa sababu hiyo ina nafasi ya kuishi muda mrefu kuliko gari.

DAFTARI LA MWENYE GARI

Waliofanikiwa kuishi na gari la dizeli kwa miaka mingi walikuwa na desturi zinazofanana. Asubuhi ya baridi hawakuilazimisha injini kuwaka kabla plagi za kupasha moto hazijafanya kazi yake. Walipima oili na maji kabla ya safari, na hawakungoja taa nyekundu iwakumbushe. Walibadili oili kila baada ya kilometa elfu chache, kwa sababu masizi ya dizeli huichafua upesi. Tena wengine walikuwa na daftari la kawaida la shule, lililoandikwa tarehe, kilometa, lita zilizotiwa na kifaa kilichobadilishwa.

Daftari hilo lilikuwa fundi wa kwanza. Lita zikiongezeka kwa safari ile ile, nozeli zilikuwa zimeanza kuchoka. Oili ikipungua kuliko mwezi uliopita, ringi za pistoni zilikuwa zimelika. Maji yakipungua bila kuvuja, gasketi ilikuwa mashakani. Mwenye gari aliyejua mambo hayo mapema alitengeneza kidogo kwa fedha kidogo. Asiyeandika alitengeneza kikubwa kwa kuuza ng'ombe. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari ukuta huo huitwa injini nyingine.

Gari la umma nalo lina daftari, tena lililochapishwa kwa mistari mizuri. Lakini mara nyingi daftari hilo hujazwa ili kutetea safari na mafuta yaliyokwisha tumika, halijazwi ili kulijua gari. Dereva huandika, mkubwa husaini, na hakuna anayelinganisha ukurasa wa leo na wa mwezi uliopita. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulianzishwa mwaka 2005 ili magari ya serikali yawe na mahali pa kutengenezwa kwa utaratibu. Pamoja na hayo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimetaja mara kwa mara magari na mitambo iliyoegeshwa bila kutengenezwa wala kuuzwa hadi ikaoza. Si ajabu kuona nyuma ya ofisi gari lenye namba za serikali likiota majani, huku injini ya umri ule ule ikiendelea kumsagia mtu binafsi mahindi yake. Tofauti ya magari hayo mawili haikutoka kiwandani. La pili lina mtu anayelikumbuka.

UPANDE WA PILI

Haifai, hata hivyo, kulipamba gari la zamani kuliko lilivyokuwa. Moshi wa dizeli ni sumu. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Nchini Ufaransa gari la 504 la abiria liliacha kuundwa mwaka 1983, ingawa Nigeria na Kenya ziliendelea kuliunganisha miaka mingi baadaye. Milango ya biashara ilipofunguliwa kuanzia mwaka 1984, magari ya Kijapani yaliyotumika yaliingia kwa wingi na yakathibitisha kwamba Ufaransa haikuwa peke yake yenye kujua kuunda gari la kudumu. Leo msafiri wa Simiyu hupanda mchomoko au bodaboda, na sehemu kubwa ya njia kuu za mkoa zimewekwa lami. Hakuna mwenye busara anayeomba enzi za kusukuma mkweche kwenye matope zirudi.

Kinachofaa kurudi ni ile tabia. Mwamapalala sasa iko katika Wilaya ya Itilima, na Itilima ilimegwa kutoka Bariadi mwaka 2012 Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Wilaya mpya ilimaanisha ofisi mpya, na ofisi mpya zilimaanisha magari, pikipiki, jenereta na pampu za maji. Vyote hivyo ni mali ya wananchi wanaolima pamba juani. Kifaa kimoja kikifa kabla ya wakati wake, bei yake hulipwa tena na mkulima yule yule.

WAJIBU

Mambo matatu yanawezekana bila kungoja bajeti. La kwanza, ofisa anapohama akabidhi gari pamoja na historia yake ya matengenezo ukurasa kwa ukurasa, na anayepokea aisome kabla ya kutia saini. La pili, daftari la gari, la pikipiki ya kata na la pampu ya kijiji lisomwe kila mwezi na mtu anayewajibika, kwa kulinganisha mafuta na kazi iliyofanyika. La tatu ni la walimu. Wanafunzi wafundishwe kuweka daftari la kifaa chochote kilichopo shuleni, kiwe jenereta au baiskeli. Watoto hao ndio madereva, mafundi na wakurugenzi wa kesho, na hesabu ya lita na kilometa ni hesabu halali ya darasani.

Nazo familia zilizowahi kuwa na Pijo zinaweza kufanya jambo moja zaidi. Wazee walioziendesha wanapungua. Kabla hawajaondoka, waulizwe na maneno yao yaandikwe: gari lilinunuliwa kwa pamba ya mwaka gani, liliwapeleka wagonjwa wangapi, nani alilitengeneza, na kwa nini hatimaye lilisimama. Hiyo itakuwa historia ya barabara, ya afya na ya ujirani katika Usukuma, na hakuna idara itakayoiandika kwa niaba yao. Kumiliki kitu ni kukitunza kingali hai, na kukikumbuka ni kutoa hesabu yake kikiisha kwenda. Watumishi wa umma wanadaiwa yote mawili kwa kila gari lililowekwa mikononi mwao.