Mtoto akiuliza kwa nini Jangwani hujaa maji

Wazazi wa Dar es Salaam wanalijua swali hili. Masika yamekolea, Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani, mwendokasi imesitisha safari, na mtoto mwenye begi mgongoni anauliza: "Mama, kwa nini maji yanakuja hapa kila mara?" Jibu la haraka ni kwamba mvua ni kubwa. Hiyo ni nusu tu ya jibu.

Jangwani ni mahali pa mto. Msimbazi hutoka vilima vya Pugu huko Kisarawe, hukatisha jiji na kuingia baharini kwenye mikoko ya Daraja la Selander. Zamani maji ya ziada yalitandaa bondeni, yakapungua kasi, tope likatuama kwenye matete, kisha yakaondoka taratibu. Siku hizi bonde limejaa kifusi na nyumba, miti ya juu imekatwa, mchanga na taka vimeinua sakafu ya mto. Maji yataingia wapi kama si sebuleni? Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande, mbali na shule na vibarua vyao.

Marekani nao walikosea, tena kwa gharama kubwa. Kati ya 1962 na 1971 walinyoosha mto Kissimmee, Florida, ili kuzuia mafuriko. Mto wenye kona nyingi, urefu wa kilomita 166, ukawa mfereji wa kilomita 90. Ardhi oevu ikakauka, bata na ndege wengine wa majini wakatoweka karibu wote. Ikabidi serikali ifukie sehemu ya mfereji na kuurudishia mto kona zake, kazi iliyokamilika 2021. Ndege wamerudi.

Msimbazi una mradi wake, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 200 na Benki ya Dunia mwaka 2022. Unakusudia kuinua daraja la Jangwani, kupanua mkondo, kupanda miti huko juu na kugeuza bonde la chini kuwa bustani inayoruhusiwa kulowa. Lakini mto ukipewa nafasi, kuna mtu anayehama, na hapo ndipo mzazi awe mwangalifu na maneno yake.

Mtoto asisikie mezani kwamba wa bondeni ni wajinga. Walijenga pale kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi na Kariakoo iko karibu kwa miguu. Huenda dawati moja na mwanao anakaa mtoto ambaye nyumba yao imewekewa alama ya kubomolewa.

Yale maji ya mafuriko yenyewe asiyaguse, hata yakiwa ya kifundoni. Yamepita vyooni.