Kabla ya Kumwambia Mgonjwa Anywe Maji

Mgonjwa wa maltipo sklerosisi anapolalamika kwamba kinywa kinamkauka, jibu analolipata mara nyingi ni fupi: anywe maji. Ushauri huo una nia njema, lakini haukidhi haja. Huenda mtu huyo amepunguza maji kwa makusudi, kwa kuwa kibofu chake hakimpi nafasi ya kufika msalani. Akinywa, ataaibika ndani ya daladala. Asiponywa, ulimi utamganda kwenye kaakaa.

Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani ala inayofunika nyuzi za neva za ubongo na uti wa mgongo. Afrika Mashariki huonekana kwa nadra kuliko kaskazini mwa Ulaya, hivyo mhudumu anaweza kufanya kazi miaka mingi kabla ya kumpokea mgonjwa wake wa kwanza. Hata hivyo, si lazima awe bingwa wa neva ndipo atambue chanzo cha ukavu. Mara nyingi kimo ndani ya mfuko wa dawa aliokuja nao mgonjwa.

Oksibutinini hutuliza kibofu kwa kuzuia asetilikolini, kemikali ya neva inayokiamuru kujikaza. Kemikali hiyo hiyo huziamuru tezi za mate kufanya kazi, na vipokezi vyake katika viungo hivyo viwili ni vya jamaa moja. Dawa haijakosea njia. Imefika pia mahali ambapo haikuhitajiwa. Amitriptilini ya maumivu ya neva, tizanidini ya misuli iliyokakamaa, na baadhi ya dawa za mafua na mzio ambazo mgonjwa hujinunulia dukani, huongeza ukavu juu ya ukavu. Kila moja ilitolewa kwa sababu halali, pengine na daktari tofauti. Aliyezijumlisha zote ni mgonjwa peke yake.

Kwa hiyo pa kuanzia ni orodha ya dawa, wala si chupa ya maji. Oksibutinini inayotolewa mwilini polepole, au inayobandikwa kwenye ngozi, kwa kawaida hukausha kinywa kidogo kuliko kidonge cha kawaida. Mirabegroni hukituliza kibofu kwa njia nyingine, na aghalabu haigusi mate, ingawa bei yake ni kikwazo na shinikizo la damu sharti lifuatiliwe. Kuna pia pilokapini, ambayo huchochea mate. Lakini kumpa dawa hiyo mtu anayemeza oksibutinini ni kuvuta kamba pande mbili, na mwenye pumu isiyodhibitiwa haimfai kabisa.

Uamuzi huo ni wa mgonjwa na daktari wake kwa pamoja. Mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake kwa sababu ya kero ya kinywa: baklofeni, kwa mfano, ikikatishwa ghafla inaweza kuleta degedege na maruweruwe.

Kero yenyewe si ndogo. Mate hupunguza makali ya asidi, huyarudishia meno kalsiamu na fosfati, na hulainisha tonge. Yakipungua, meno huoza haraka, hasa karibu na ufizi, na fangasi hupata makao. Tena mkono uliokufa ganzi au unaotetemeka haupigi mswaki sawasawa. Mpini ulionenepeshwa kwa kuzungushiwa kitambaa au mpira husaidia zaidi ya karipio la mhudumu. Dawa ya meno iwe na floraidi, na baada ya kupiga mswaki mgonjwa ateme povu bila kusukutua kwa maji. Dawa za kusukutulia zenye alkoholi ziepukwe.

Wapo wanaojisaidia kwa kumung'unya ubuyu, ukwaju au pipi. Mate hutoka, ni kweli, lakini ubuyu unaouzwa mitaani umerowekwa sukari, na uchachu wake hula jino ambalo halina tena mate ya kulilinda. Chingamu isiyo na sukari ni bora. Lakini maltipo sklerosisi huweza kudhoofisha umezaji pia: mtu anayepaliwa anapokula au kunywa asipewe chingamu, wala asiambiwe anywe maji mara kwa mara, kabla umezaji wake haujapimwa.

Kliniki ya neva haiangalii meno, na ya meno haiulizi habari za kibofu. Ndipo mgonjwa anapoanguka katikati. Swali moja katika kila hudhurio lingetosha kuanzia: je, anaweza kumeza mkate mkavu bila kushushia kwa kinywaji? Akisema hawezi, apelekwe kwa daktari wa kinywa na meno angali na meno yake, na orodha kamili ya dawa zake iambatane na barua ya rufaa.