Tumehamia gesi, dohani tumemwachia nani?

Miaka kumi na minane nimepika Kigongo, hatua chache kutoka kivukoni. Njaa ya wasafiri waliosubiri feri ya kwenda Busisi ndiyo iliyosomesha wanangu. Jiko nililijenga kwa tofali za kuchoma, mafiga makubwa mawili na dohani inayotokeza juu ya paa ili moshi usinifukuzie wateja. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia akafungua Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, na foleni ikaisha. Sililaumu daraja. Ila abiria wa basi lisilosimama hali sato wangu.

Sasa natumia mtungi wa gesi, chakula cha watu watatu. Mafiga yamepoa, dohani ikabaki wazi, na mwezi wa saba ndipo nilipoijua.

Wageni hudhani huku kwetu hakuna baridi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi, mbingu zikiwa nyeupe, upepo uliokuwa ukitoka ziwani mchana hugeuka ukatoka nchi kavu. Miguu yangu ilikuwa ikiganda sebuleni. Nikalaumu mlango, nikaziba chini yake kwa kanga kuukuu. Baridi ikapungua, lakini nyumba ikaanza kunuka masizi.

Nikachukua koroboi nikaisogeza kwenye mdomo wa jiko. Saa mbili usiku ulimi wa moto ulilalia ndani, kama kuna mtu anaunyonya. Joto lililobaki nyumbani lilikuwa linapanda dohani na kutoka, na hewa ya nje ndiyo iliyokuwa ikija kushika nafasi yake kupitia chini ya mlango. Alfajiri, upepo ulipoanza kupiga juu ya paa, moto ukanigeukia mimi. Mlango nilikuwa nimeusingizia.

Fundi niliyemwita alikuja na mfuko wa saruji. "Mama, tunafunga juu na chini, imekwisha." Nikamrudisha. Tofali hunywa mvua; ukilifungia pande zote, unyevu utatafuta njia sebuleni. Tulikwangua masizi kwanza, debe zima, na mabaki ya kiota. Juu tukaweka bati lililoinuliwa kidogo kwa vipande vya tofali, pembeni wavu wa waya kuzuia popo. Chini nilishindilia kiroba cha pumba za mpunga, maana mashineni zimejaa tele. Pumba zinawaka, kwa hiyo nilifunga kamba nyekundu ya nyavu ikaning'inia mbele ya mafiga. Anayetaka kuwasha kuni lazima imguse usoni kwanza.

Hapo ndipo lilipo neno langu kwa wakubwa. Mkakati wa taifa unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Naunga mkono, macho yangu yanaujua moshi. Lakini mikutano niliyohudhuria mimi huishia kwenye mtungi, na hakuna anayeinua kichwa kutazama nyumba unakoingia. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni, na dohani iliyo juu haitakusaidia. Inataka tundu chini ya ukuta linalotokea nje. Mimi nililitoboa baada ya kuambiwa na kijana anayeuza mitungi, tena kwa bahati tu, alikuwa anasubiri chenji.

Na wapo wanaoziba kila upenyo halafu, baridi ikizidi, wanaingiza jiko la mkaa chumbani. Sumu ya mkaa haina harufu, wala haimwamshi aliyelala. Kama mkaa bado unaingia ndani kwako, hiyo dohani usiiguse.

Mwezi wa kumi jirani alifiwa. Gesi haiivishi ugali wa watu mia, wanawake wakaja kwangu na masufuria ya msiba. Binti mmoja akaishika kamba: "Bibi, hii ni ya nini?" Kabla sijajibu akavuta. Kiroba kikamshukia na masizi yaliyokuwa yamejificha, akatoka mweusi hadi kope, na kwa mara ya kwanza siku ile mfiwa akacheka. Tukawasha kuni.