Tajiri aliyevishwa taji Kilwa, na somo lake kwa madiwani

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kilwa Kisiwani, Julai 1505, methali hiyo iligeuka: mgeni alifika, mwenyeji akakimbia.

Mgeni huyo alikuwa Francisco de Almeida, kiongozi wa manowari za Ureno. Mtawala wa mji, Amir Ibrahim, alitoroka, mji ukaporwa, na Wareno wakamtawaza Muhammad Ankoni, mmoja wa matajiri wa Kilwa. Kumbukumbu za Wareno zinaeleza kuwa alivishwa taji la dhahabu lililokusudiwa mfalme wa Cochin, India.

Wareno walikwisha kumfahamu. Mwaka 1502, Vasco da Gama alipodai kodi, Amir alimtoa Ankoni awe dhamana. Malipo yalipokwama, tajiri huyo alijikomboa kwa mali yake mwenyewe.

Utajiri haukuwa kosa. Kilwa yote iliishi kwa biashara, hasa dhahabu ya Sofala. Udhaifu wa Ankoni ulikuwa kwamba mamlaka yake yalitoka melini. Inaelezwa kuwa yeye mwenyewe alitaka arithiwe na mtoto wa sultani wa zamani, ishara kwamba alijua taji halikutosha. Mwaka 1506 aliuawa katika njama iliyohusishwa na jamaa wa Amir. Mwaka 1512 Wareno waliondoka, Amir akarejea.

Kisa hicho kina maana hata leo. Chini ya sheria za serikali za mitaa za 1982, Meya wa Manispaa ya Lindi na Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa huchaguliwa na madiwani, si na wananchi moja kwa moja. Mfanyabiashara anayekitaka kiti hicho sharti kwanza awe diwani, na hiyo ni kinga. Hata hivyo, wapiga kura wa mwisho hutosha katika ukumbi mmoja, na kura chache ni rahisi kununuliwa.

Kinachogombewa si kidogo. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam mwaka 2004, huiingizia halmashauri ya Kilwa ushuru wa huduma, fedha zinazoweza kujenga madarasa na zahanati.

Mfanyabiashara ajuaye hesabu anaweza kuwa kiongozi bora. Lakini anayefadhiliwa na wachache atawalipa wachache hao kwanza, na wananchi watangoja zahanati.