Nyumba za Udada na Mwenye Ufunguo

Tangu mwaka 2021, kila ufikapo mwezi wa Agosti, simu za vijana wetu hujaa picha za wasichana wa Kimarekani waliojipanga mbele ya majumba makubwa yenye nguzo nyeupe, wakiimba, wakipiga makofi na kutaja moja baada ya moja nguo walizovaa siku hiyo na maduka walikozinunua. Wengi wao ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Alabama, kusini mwa Marekani. Baadhi ya wazee wetu wanapoziona picha hizo husema kuwa huo ni upuuzi wa watu walioshiba. Baadhi ya mabinti zetu hutamani lau wangekuwa miongoni mwao. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zimeutazama mlango tu, wala hazikuingia ndani. Na madhali katika visiwa hivi suala la malazi ya wasichana wanaosoma mbali na kwao linaigusa kila familia, yatupasa tuingie, tuyaangalie maisha ya nyumba hizo yalivyo kila siku, kisha tupime lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Jumuiya hizo huitwa sororiti, jina lililotolewa katika neno la Kilatini lenye maana ya dada. Sisi tutaziita jumuiya za udada. Ya kale kabisa ilianzishwa mwaka 1851 katika chuo cha wasichana cha Wesleyan, mjini Macon, jimbo la Georgia, nayo leo inajulikana kwa jina la Alpha Delta Pi. Mwaka 1867 wasichana 12 wa Chuo cha Monmouth, jimbo la Illinois, waliunda jumuiya ambayo sasa ni Pi Beta Phi. Mwaka 1870 ikazaliwa Kappa Alpha Theta katika chuo kinachoitwa leo DePauw, jimbo la Indiana, ambako wanawake walikuwa wameanza kupokewa miaka mitatu tu kabla ya hapo. Majina haya ni herufi za Kigiriki, kwa kuiga jumuiya za wanafunzi wa kiume zilizotangulia na ambazo hazikutaka kuwapokea wanawake.

Tukumbuke hali ya zama zile. Msichana aliyeingia chuo kikuu alikuwa mgeni asiyetakikana. Walimu wengine walimdharau, wanafunzi wenziwe walimkejeli, na mara nyingi chuo chenyewe hakikuwa na mahala pa kumlaza. Ndipo wasichana wakaungana, wakakodi nyumba, na baadaye wakanunua na kujenga. Kwa hiyo asili ya nyumba hizi haikuwa anasa hata kidogo. Asili yake ni haja ya paa, na haja ya kuwa na mtu wa kukutetea ugenini.

Je, maisha ya humo yakoje? Sisi tuliopita katika madakhalia ya serikali hatutayaona kuwa mageni sana. Asubuhi kuna foleni ya bafuni. Vyumbani hulala wawili, watatu au wanne. Katika baadhi ya vyuo vya majimbo ya kati kuna desturi ya kale ambayo ingewashangaza mabibi zetu: wasichana wote hulala katika ukumbi mmoja wenye vitanda vya ghorofa, usiotiwa moto hata wakati wa baridi kali, na madirisha huachwa wazi, kwa itikadi ya zamani kwamba hewa safi huzuia maradhi. Vyumba vingine huwa ni vya kusomea na kuwekea nguo tu.

Chakula hupikwa na mpishi wa kuajiriwa siku za kazi, na aghalabu mwisho wa wiki jiko hufungwa, kila mmoja akajitafutia. Yupo mama wa nyumba, mtu mzima anayeishi humo, anayeangalia ulinzi, matengenezo na adabu. Zipo saa za ukimya na saa za kusoma. Msichana ambaye alama zake za masomo zimeshuka chini ya kiwango kilichowekwa huzuiwa kuhudhuria baadhi ya starehe hadi ajirekebishe. Siku moja ya wiki, mara nyingi Jumatatu, wote hula pamoja kisha huingia mkutanoni. Asiyefika bila ya udhuru hutozwa faini.

Katika mkutano huo ndipo lilipo jambo ambalo picha za Agosti hazilionyeshi. Wasichana wa miaka 19 na 20 huchagua kwa kura rais wao, makamu, katibu na mshika fedha. Husoma bajeti, hubishana juu ya gharama za chakula, hupanga zamu za kazi, hukusanya fedha za sadaka kwa hospitali na wenye shida, na humwita mbele ya baraza lao mwenzao aliyevunja kanuni. Mshika fedha wa nyumba yenye makumi ya wakaazi husimamia fedha nyingi kabla hajapata hata shahada yake. Hii ni skuli ndani ya skuli, na hapana shaka kwamba wanawake wengi walioshika madaraka nchini mwao walijifunza hapo namna ya kuendesha mkutano na namna ya kushindwa kwa kura bila ya kususa.

Hayo kwa watu wa pwani si mageni pia. Vyama vya lelemama vilikuwa na vyeo vyao, michango yao, sare zao na mashindano yao. Na udada huu wa Kimarekani, ambapo kila msichana mpya hupewa dada mkubwa wa kumwongoza, haukosi harufu ya mwari na somo wake.

Lakini insafu inatutaka tuutazame na upande wa pili. Nyumba hizi humilikiwa na nani? Kwa kawaida, si na wasichana wanaolala humo. Pale ambapo jengo ni la jumuiya, husimamiwa na shirika la wanachama wa zamani, wanawake wazima waliokwisha kuondoka chuoni, ambao ndio wenye kujenga, kukopa na kukarabati. Ada na kodi hufikia maelfu ya dola kwa mwaka. Katika jumuiya nyingi mwanachama hulazimika kukaa katika nyumba angalau kwa muda fulani, maana kitanda kitupu ni hasara. Basi wanaochagua viongozi ni wasichana, lakini mwenye ufunguo yuko nje. Na mwenye ufunguo akisema, kura hunyamaza.

Ushahidi wa hilo ulitolewa na Alabama yenyewe. Mwezi Juni 1963 gavana wa jimbo hilo, George Wallace, alisimama mlangoni mwa chuo kikuu kuwazuia wanafunzi wawili weusi, Vivian Malone na James Hood, wasiandikishwe. Alishindwa, nao wakaingia. Lakini mlango wa darasa ulipofunguka, mlango wa malazi ulibaki umefungwa. Mwezi Septemba 2013, miaka 50 baadaye, gazeti la wanafunzi wa chuo hicho, The Crimson White, lilifichua kwamba wasichana weusi walikuwa wakikataliwa na jumuiya za udada za weupe. Wanachama vijana katika baadhi ya jumuiya hizo walisema hadharani kwamba wao walitaka kumpokea mwenzao mweusi mwenye alama nzuri, bali wanawake wa zamani waliingilia kati na kumtoa. Wanafunzi na walimu waliandamana, rais wa chuo akaamuru uandikishaji ufunguliwe upya, na wasichana kadhaa weusi wakapokewa.

Tuzingatie mambo mawili katika kisa hicho. Kwanza, hapakuwa na sheria iliyokuwa ikiwakataza watu weusi. Palikuwa na desturi, palikuwa na barua za mapendekezo, palikuwa na upendeleo kwa binti ambaye mama yake au bibi yake alikuwa mwanachama. Mama ambaye mwaka 1963 asingekubaliwa atampa wapi bintiye urithi huo? Ubaguzi huweza kuishi bila ya kuandikwa popote, maadamu kuchagua kunafanywa kwa kujuana. Pili, waliouvunja ni vijana waliosema kweli hadharani juu ya nyumba yao wenyewe.

Wanawake weusi wa Marekani hawakungoja mlango ufunguliwe. Mwaka 1908, katika Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, walianzisha Alpha Kappa Alpha. Mwaka 1913, wanachama 22 waliotaka jumuiya yao ishughulike zaidi na mambo ya umma waliunda Delta Sigma Theta, na tendo lao la mwanzo la hadharani lilikuwa kuandamana Washington tarehe 3 Machi mwaka huo huo kudai haki ya mwanamke kupiga kura, ijapokuwa wanawake weusi walitakiwa na wenzao weupe wakae nyuma ya maandamano. Kuanzia 1935 hadi 1942, Alpha Kappa Alpha ilipeleka madaktari na wauguzi mashambani Mississippi kila msimu wa kiangazi. Wenye mashamba walipokataa wafanyakazi wao wasiende zahanati, zahanati zilipakiwa katika magari zikawafuata kondeni. Na karibu na kwetu, Delta Sigma Theta ilisaidia huduma za wazazi katika hospitali ya misheni ya Thika, nchini Kenya. Bibi Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani kuanzia 2021 hadi 2025, aliingia Alpha Kappa Alpha alipokuwa Howard mwaka 1986.

Nyingi ya jumuiya hizo za weusi hazina majumba yenye nguzo nyeupe vyuoni. Fedha hazikuwapo, na mara nyingi ardhi haikutolewa. Lakini udada wao haukufa kwa kukosa jumba. Jambo hilo tusilisahau tutakapofika kwenye hitimisho.

Ipo kasoro nyingine, nayo inahusu usalama. Jumuiya kubwa za udada huharimisha ulevi ndani ya nyumba zao. Sisi hatutailaumu kanuni hiyo. Lakini majumba ya wanafunzi wa kiume kwa miaka mingi hayakuwa na kanuni kama hiyo, na kwa sababu hiyo starehe zilihamia huko. Msichana anayetoka katika nyumba yenye mlinzi na mama wa nyumba huenda kuburudika mahala ambapo mlango ni wa mwanamume, kinywaji ni cha mwanamume, na pengine hata gari la kumrudisha ni la mwanamume. Wachunguzi wa mambo ya vyuo wamelionya hilo mara nyingi. Katazo linaloishia kwenye kizingiti huihamisha hatari, haliiondoi.

Na mwisho, mateso ya kuingizwa. Katika vyuo vya Marekani wapo vijana waliolazimishwa kunywa kupita kiasi, waliofedheheshwa na waliopoteza maisha ili tu wakubaliwe. Sehemu kubwa ya vifo hivyo imetokea katika jumuiya za wanaume, lakini za wanawake nazo hazikusalimika. Jambo hilo lilizidi hata mwezi Disemba 2024 nchi hiyo ikapitisha sheria inayovitaka vyuo kutangaza hadharani matukio ya namna hiyo. Kumtesa mwenzako ili awe nduguyo ni kinyume cha udugu, na wanaofanya hivyo hujitetea kwa neno moja tu: na sisi tulifanyiwa. Neno hilo sisi pia tumelisikia katika madakhalia yetu, na yafaa tukiri.

Sasa turudi nyumbani. Msichana wa Pemba anayekuja kusoma Unguja, au wa Makunduchi anayepata nafasi mbali na kwao, ana haja ile ile waliyokuwa nayo wasichana wa Macon na Monmouth: paa, na mtu wa kumtetea. Asipoipata atapanga chumba uchochoroni, atakaa kwa jamaa na kugeuzwa mtumishi, au atarudi kwao na cheti chake kitie vumbi. Wanaohusika na elimu na wanaohusika na ardhi wasidhani kwamba malazi ni jambo la kufikiriwa baada ya madarasa kwisha kujengwa. Kwa mtoto wa kike, kitanda ndicho kinachomfikisha kwenye dawati.

Basi maoni yetu ni haya. Dakhalia za wasichana zijengwe, na zijengwe pamoja na chuo, si miaka kumi baada yake. Nafasi zigawanywe kwa haja na kwa umbali, kwa orodha iliyobandikwa ukutani kila mtu aisome, wala isitoshe barua ya mjomba. Wakaazi wachague kamati yao, na kamati hiyo ipewe hesabu za chakula na matengenezo izione, kwani kamati isiyoona hesabu ni pambo. Awepo mlezi mwenye mshahara na mwenye heshima. Uwepo ukumbi wa wasichana wenyewe kufanya sherehe zao, mahafali yao na michezo yao, ili wasilazimike kuitafuta furaha katika nyumba ya mtu mwingine. Na yule atakayemtesa mwanafunzi mpya kwa kisingizio cha kumkaribisha, achukuliwe hatua na jambo hilo litangazwe.

Nguzo nyeupe hatuzihitaji. Ufunguo ndio tunaoutaka, na tunataka wanaolala ndani wawe na sauti juu yake.