Mgonjwa wa Kiuno si Mtegaji

Miongoni mwa maradhi yanayomvunjia mtumishi heshima mbele ya wenzake, ni machache yanayofikia maumivu ya kiuno yanayoteremka hadi mguuni. Mwenye homa hupimwa malaria, akapewa dawa na pole. Aliyevunjika mkono huonekana na plasta yake. Lakini mwalimu anayeshindwa kusimama ubaoni hadi kipindi cha tatu, au karani anayeinuka kitini kwa kushika meza, hana cha kuonyesha. Eksirei haina dosari, mkojo ni safi, damu ni safi. Hapo ndipo minong'ono huanza kwamba fulani anatega kazi.

Minong'ono hiyo ni dhuluma, na chimbuko lake ni kutojua. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba hakuna maradhi mengine yanayowaacha watu wengi zaidi wakiishi na ulemavu. Kwa wagonjwa tisa hivi katika kila kumi, daktari hawezi kunyoosha kidole mahali pamoja akasema chanzo ni hiki. Kukosa jina la chanzo si kukosa ugonjwa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Hata hivyo, mgonjwa naye hana budi kujihadhari na safari isiyo na mwisho ya kutafuta majibu. Leo huambiwa ni figo, kesho ni ngiri, keshokutwa ni husuda ya jirani. Kila mlango una ada yake, na mshahara huisha kabla ya maumivu. Wengi huweka tumaini lao la mwisho katika picha. Ni kweli kwamba mwaka 1934 madaktari Mixter na Barr wa Marekani walieleza jinsi gegedu lililo kati ya pingili za uti wa mgongo linavyoweza kupasuka na kubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Eksirei ya kawaida huonyesha mifupa, haionyeshi mshipa huo. Lakini hata kipimo kikubwa cha MRI si hakimu wa mwisho. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kipimo hicho kwa watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo, na zaidi ya nusu yao walikutwa na gegedu lililovimba nje ya mahali pake. Basi picha yaweza kumtia hofu mtu mzima wa afya, na isimfae mgonjwa.

Zipo dalili ambazo hazingoji hata siku moja: miguu kuishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo. Mwenye hizo apelekwe hospitali mara moja, maana kuchelewa kwaweza kumwachia kilema cha maisha. Homa, kukonda bila sababu, maumivu yasiyopoa usiku, au historia ya saratani au kifua kikuu, nazo zataka uchunguzi wa haraka. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia, na hutibika.

Asiye na dalili hizo ana habari njema. Maumivu mengi ya namna hii, hata yale yanayoshuka mguuni, hupungua katika majuma kadhaa bila kisu. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kurefusha ugonjwa. Mwongozo uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023, kuhusu maumivu ya kiuno yaliyokuwa sugu, unahimiza elimu kwa mgonjwa na mazoezi ya viungo. Mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine na dawa kali za jamii ya afyuni hausifu, bali unashauri zisitumiwe kama jambo la kawaida.

Wajibu hauishii kwa mgonjwa. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri alinde afya ya mfanyakazi. Mkuu wa shule anaweza kumpa mwalimu kiti darasani, na kupanga vipindi visifuatane asubuhi nzima. Mkuu wa idara anaweza kuondoa kiti kilichovunjika mgongo, na kumruhusu karani anyooke kila baada ya muda. Mambo haya hayangoji bajeti ya mwaka ujao.

Mtegaji wa kweli hufahamika kwa kazi yake ya miaka yote, wala si kwa kiuno chake cha juma hili. Kiongozi anayemwita mgonjwa mvivu hapunguzi uvivu. Humfundisha mtumishi kuficha maumivu mpaka asiweze kuinuka, na siku hiyo ofisi humkosa kabisa.