Kimya cha tarakilishi sebuleni kina masharti yake

ANAYEWEKA tarakilishi sebuleni ili jamaa zake watazame filamu hataki kusikia ngurumo ya feni.

Chanzo cha kelele hiyo ni joto. Baadhi ya prosesa za Pentium 4 za mwaka wa 2004 zilikadiriwa kutoa joto la wati 115. Mwaka uo huo, kampuni ya Intel ilifutilia mbali mradi wa prosesa ya Tejas, joto likiwa miongoni mwa sababu.

Ufumbuzi mkuu ulitokana na prosesa zinazotumia umeme kidogo, wala si feni bora. Intel N100, iliyotolewa mwaka wa 2023, imekadiriwa wati 6. Joto hilo laweza kusambazwa na kipande cha alumini chenye vibamba vyembamba, kisha hewa ikaliondoa yenyewe. Aidha, hakuna feni ya kuvuta vumbi ndani.

Hata hivyo, mnunuzi asihadaike. Tarakilishi ya aina hiyo ikifungiwa kabatini, hasa katika joto la Mombasa, prosesa itapunguza kasi ili isiharibike, na filamu huenda ikakwamakwama.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa, muulize muuzaji prosesa ni ya wati ngapi, kisha ujiulize hewa itapitia wapi nyumbani kwako.